Wimbo Tulioutoa kwenye Diski

Louisville, Kentucky
Oktoba 2015

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie magoti yanaendeleaje, na kama bado unakwenda kanisani kwa miguu yako mwenyewe. Sisi huku ni wazima. Baba anapakia maboksi ghalani, Mama anahudumia wazee wa Kizungu, nami niko darasa la kumi na moja. Barua hii anakuletea Pasta wetu, aliyepata safari ya Kigoma. Nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe, kwa sababu nina jambo la kukiri. Wimbo wako umeondolewa kwenye diski ya kwaya, na aliyesababisha ni mimi.

Unajua jinsi wanakwaya wako wa kambi ya wakimbizi tulivyotawanyika huku Marekani: sisi Louisville, wengine Columbus, wengine Buffalo. Mwaka huu wazee waliamua turekodi nyimbo kumi za kambini kabla watoto hawajazisahau. Wa kwanza ulikuwa ule tunaouita Wimbo wa Mwalimu, yaani wako. Kwa kuwa napenda vitabu, nilipewa kazi ya kuandika karatasi ya ndani ya diski: kila wimbo nani aliutunga, na ulitungwaje. Juu ya wimbo wako nilijaza ukurasa mzima. Niliandika jinsi tulivyokaa mazoezini kwenye yale mabenchi ya udongo, nawe umefumba macho, na jinsi sauti ya nne ilivyokosea hadi ukavua kofia na kuiweka chini. Nilipokuwa naandika, Babu, nilisikia mpaka harufu ya moshi wa kuni mbichi.

Wiki ileile mwalimu wa muziki alituletea santuri ya roki ya zamani, ya ujana wake. Kwenye jalada kuna vijana wanne wenye nywele ndefu, wamesimama kwenye theluji mbele ya mlango wa ghala. Alitueleza kwamba albamu nzima waliirekodi ndani ya ghala hilo lisilo na joto, wakipiga magitaa wamevaa glavu zilizokatwa vidole. Mpiga ngoma alifariki kabla haijatoka. Kwa miaka mingi haikununuliwa. Sasa wapiga magitaa wanajifunza kutoka kwayo. Kisha akaweka sindano kwenye wimbo wa tatu.

Babu, ulikuwa wako. Gitaa lilipanda palepale soprano wanapopanda, likasita palepale unapoinua kidole. Mimi, nisiyenyoosha mkono darasani hata jibu nikilijua, nikajikuta naimba: "Bwana, tumefika mikono mitupu, utujue kwa sauti zetu." Darasa zima likageuka.

"Unaujua?" mwalimu akauliza.

"Ni wa babu yangu."

Walicheka, mmoja akawa anagonga meza. "Kumbe babu yako alikuwa kwenye bendi!" Mwalimu hakucheka. Aliniomba niuimbe wote na kumtafsiria maneno, akavua miwani, akasema ameusikiliza tangu ujana wake lakini hajawahi kuusikia ukimwomba mtu kitu. Halafu nikageuza jalada. Mwaka ulioandikwa nyuma, Baba alikuwa hajazaliwa, wala kambi haikuwapo.

Nilimwambia Baba peke yake.

"Bon, haya, umeshamwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu. Babu yako si mwizi. Unataka watu waseme ni mwizi?"

"Lakini ile karatasi, Baba..."

"Andika jina lake, maliza."

Nilikaa na karatasi siku nne. Kila nikitaka kuandika jina lako, nilimkumbuka yule mpiga ngoma.

Jumamosi tulikutana Gahanna, pembeni ya Columbus, kwenye gereji ya Baba Mdogo. Watu wa Buffalo walifika na nguo za kazi, wametoka moja kwa moja kiwandani Tonawanda. Uwanja wa ndege uko karibu, kwa hiyo kila ndege ikipita tulinyamaza na kuanza upya. "Donc, yaani hata ndege inataka kuimba besi!" akasema Baba Mdogo. Kabla ya kurekodi, mwenyekiti wa kwaya akaniita nisome. Nikaifungua karatasi. Nikasoma: "Maneno ni ya Mwalimu. Muziki si wake."

Baba akatazama sakafu. Ndipo Mama Zawadi wa sauti ya kwanza, yule uliyekuwa ukimwita Filimbi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"We mtoto, ulifikiri hatujui? Kaseti ya vijana wa Kizungu ilikwama ndani ya redio aliyoachiwa na daktari mmoja wa kambini. Mwalimu alitusikilizisha wiki nzima. Akasema, 'Hawa vijana wanalilia jambo lao, na sisi tulilie letu.' Alituambia si wake! Ni nyinyi mliokuja baadaye mlioanza kuuita Wimbo wa Mwalimu, na akikataa mnasema ni unyenyekevu."

"Hata mimi nilidhani ni wake," Baba akasema polepole.

"Wewe ungesikia saa ngapi? Ulikuwa unamfuata mama yake huyu!"

Gereji nzima ikacheka. Nikadhani yameisha. Lakini mwenyekiti alisema kwamba muziki wenye wenyewe hatuwezi kuuuza bila ruhusa yao, akaukata kwenye orodha. Mzee mmoja wa Buffalo, aliyekuja kwa ajili ya wimbo huo tu, alichukua koti lake akatoka nje. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Njia nzima ya kurudi Baba alisema neno moja tu: "Ulisoma vizuri."

Sasa diski ina nyimbo tisa. Mama Zawadi amekataa nafasi ya kumi ijazwe na wimbo mwingine. Anasema maneno ni yako, hayahitaji ruhusa ya mtu. Wanaomba uyatungie muziki mpya, wako mwenyewe. Baba alisema tusikusumbue, umezeeka. Mama Zawadi akamjibu, "Mwalimu? Mpeni siku tatu na sukari ya chai." Pasta atakaa huko wiki mbili, na simu yake inarekodi. Sukari anayo.

Kama umenikasirikia, mwambie Pasta wazi, nitapokea.

Nisalimie Shangazi anayekupikia, watoto wake wote, na mzee anayepiga ngoma kanisani. Mama anakusalimu, na Baba pia, ingawa hajui nimeandika haya yote.

Karatasi bado ninayo. Kwenye mstari wa kumi, penye maneno, nimeandika jina lako. Penye muziki sijaandika kitu.

Ni mimi mjukuu wako,
Neema