Simu Imekwenda, Moyo Umebaki

Jumatatu, 4 Mei

Kizunguzungu: hakuna. Miguu kuvimba: hakuna. Pumzi: nzuri.

Nesi Rehema wa hospitali ya Dar alinipa daftari hili niandike hayo matatu tu kila siku. Mengine ni yangu, hasomi mtu.

Simu nimempa Shaweji alfajiri, akaitia kwenye ndoo yake yenye mfuniko pamoja na simu za majirani. Anapeleka kambamiti Nyamisati kwa boti, na huko ndiko netiweki iliko. Meseji zinaingia, zinatoka, jioni anaturudishia. Kisiwa chote tunaishi hivyo. Sasa na moyo wangu unasafiri humo humo! Betri niliyowekewa kifuani inazungumza na simu, simu inawaambia madaktari. Mimi nimekaa zangu uani nakuna nazi. Raha gani hii!

Jumatano, 6 Mei

Kizunguzungu: hakuna. Miguu: myembamba kama ya msichana.

Nimechota maji ndoo nzima, sikupumzika njiani. Kabla ya betri nilikuwa nazimia nikiinama tu kuwasha moto. Leo nimejipigia vigelegele peke yangu.

Mume wangu Seif ananishika kama yai. Mpunga umetia maziwa, ndege wameanza kushuka, na yeye kanikataza kupanda dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya miti cha kuamia ndege. Ati ngazi ndefu. Daktari mwenyewe kasema mkono wa upande wa betri umepona, nipande, nilime, nicheze ngoma nikitaka. Lakini Seif kawa daktari kuliko daktari. Tumenuniana tangu adhuhuri.

Jumapili, 10 Mei

Kizunguzungu: hakuna.

Kisimani nimewatambia wanawake wenzangu. Nimewaambia moyo wangu unafika Dar kila wiki, wao hata Kibiti hawajatia mguu tangu mwaka juzi. Bi Tatu jirani kaniambia nisiwarushe watu roho. Acha ziruke!

Sharti la hospitali ni moja tu: habari za moyo ziwafikie kila wiki. Zisipofika, nihamie Kibiti kwa wifi yangu Mwajuma, karibu na netiweki, mpaka wao waridhike. Nilikaa kwa Mwajuma wiki sita baada ya upasuaji. Ana redio mbili na zote anaziwasha. Afadhali nilale na kambamiti kwenye boti ya Shaweji.

Jumanne, 12 Mei

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Shaweji karudisha simu ina ujumbe wa sauti wa Nesi Rehema. Tangu nitoke Kibiti hawajapata kitu. Hata chembe! Daktari kasema habari zisipofika hadi Ijumaa jioni, Jumamosi nirudi kwa Mwajuma.

Nilimvaa Shaweji palepale gatini. Kaapa kwa Mungu kila safari ameinua simu yangu juu ya kichwa, juu kuliko za wengine wote. Maskini, na kweli aliinua. Waliokuwa botini wamemshuhudia.

Kisha nikausikiliza ujumbe hadi mwisho. Simu isitoke kando yangu zaidi ya hatua mbili tatu, kwa sababu inaisikiliza betri kwa karibu na kutuma papo hapo, netiweki ikiwepo. Na kweli, Dar waliniambia simu ilale kando ya kitanda. Mimi nikadhani wanahofia wezi.

Lo! Wiki nzima na zaidi natuma simu tupu. Simu imekwenda, moyo umebaki nyumbani unakuna nazi. Nimecheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Jumatano, 13 Mei

Rahisi kabisa, nahangaika nini? Kesho napanda boti mwenyewe, na simu yangu kifuani. Shaweji kakubali kwa furaha, anataka kusafisha jina lake.

Alhamisi, 14 Mei

Kizunguzungu: hakuna, ila nakitamani ili nipate cha kulaumu.

Mashine ya boti imekufa. Imepelekwa kwa fundi Kibiti, hadi Jumapili. Kwa kasia ni kutwa nzima juani, Seif hataki hata kusikia. Boti ya abiria inapita Jumamosi, na ndiyo hiyo itakayonipeleka kwa Mwajuma.

Nimezunguka kisiwa kizima na simu. Kwenye minazi, nyuma ya msikiti, gatini maji yakinifika magotini. Hakuna hata mstari mmoja. Nikarudi nikafunga mkoba: kanga nne, dawa, daftari. Sitaki kwenda. Ndiyo kwanza nimerudi kwangu, nimeanza kuwa mtu tena.

Seif aliutazama ule mkoba, hakula. Mwisho akasema, uso chini:

"Dunguni inasoma."

"Nini?"

"Netiweki. Kule juu, mchana. Mistari miwili."

Mwaka wa pili huu anajua! Kwanza alinyamaza ili dada yake asimpate kwa simu, na watu wasije kumkanyagia mpunga. Safari hii alinyamaza kwa sababu ya ngazi. Alijua nikisikia tu, nitapanda. Nilitaka kumtupia mwiko. Nikaufungua mkoba, nikatoa kanga moja moja.

Ijumaa, 15 Mei

Nimepanda! Nimepanda, nimepanda.

Baada ya swala. Vipandio kumi na kimoja. Seif nyuma yangu mikono wazi, anasoma dua zote anazozijua. Nilipumzika cha tano, nikapumzika cha nane. Kisha juu. Mpunga wote chini yangu, na upepo.

Simu mapajani. Mstari mmoja. Hakuna. Miwili. Programu inazunguka, inazunguka, inakataa. Saa tisa imekataa. Saa kumi imekataa. Sola haikushiba jana, chaji inaisha. Kweleakwelea wakashuka kundi zima, Seif akavuta kamba za makopo ya kuwatishia, nikawapigia kelele na simu nimeikumbatia. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilianza kuzisikia redio za Mwajuma.

Saa kumi na moja, alama ya kijani. Imetumwa!

Nilipiga kigelegele, shamba zima ndege wakaruka. Seif alikaa chini ghafla akajifunika uso kwa kofia yake. Miaka ishirini na sita ya ndoa, sijawahi kumwona akilia. Sikumtania.

Nesi akanipigia, chaji ikiwa imebaki kidogo sana. Kasema moyo uko sawa, betri iko sawa, nibaki kwangu.

Ijumaa, 22 Mei

Kizunguzungu: hakuna. Miguu: haijavimba. Pumzi: nzuri.

Boti ya Shaweji imepona. Simu za wenzangu zimesafiri kwenye ndoo leo, yangu ninayo hapa dunguni. Seif kaongeza vipandio katikati kwa ajili ya miguu yangu mifupi. Katandika na mkeka wa pili.

Habari za wiki hii zimefika mapema, kwa kujaribu mara moja tu. Nesi Rehema kapiga. Kila kitu kizuri, ila ana swali. Kwenye kompyuta yake, Ijumaa iliyopita saa kumi na moja jioni, moyo wangu umekwenda mbio. Nilikuwa nafanya nini?

Nikamwambia nilikuwa nimefurahi.

Akasema basi niandike kwenye daftari.

Daftari lina safu tatu tu. Nimechora ya nne. Seif kasinzia kwenye mkeka wake, kamba ya makopo ninayo mimi. Ndege si wengi leo.