Kitabu Kipya Hakihesabu Ng'ombe

Jumapili, Kitengela

Sawa, nakubali. Toleo jipya la mchezo wetu wa mezani wa mazimwi na mashujaa, ambao kila mtu huigiza shujaa wake, ni zuri kuliko la zamani. Nimebishana na wenzangu miezi mitatu kwamba hatuhitaji kitabu kingine cha sheria, na leo nimeshindwa.

Kile cha zamani kilitaka idadi ya kila kitu: mishale, chakula, wanyama. Mimi ndiye mwenye kuongoza mchezo, kwa hivyo niliwasumbua wenzangu wahesabu. Saitoti, ambaye shujaa wake ni mchungaji, aligoma. "Mwende," akaniita, "kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Ni kuita mkosi."

Nikamwambia hao ni ng'ombe wa karatasi, nikaandika mwenyewe: kumi na wanne. Akaacha kuja. Sikumpigia simu.

Kitabu kipya hakitaki idadi. Unarusha dadu, na ikianguka vibaya, kitu kimepungua. Basi.

Leo amerudi, kwa sababu mwenzetu Kioko alimweleza hilo. Mashujaa wakavuka mto wenye zimwi, Saitoti akarusha dadu, ikatoka moja, mbaya kuliko zote. Nikauliza kwa mazoea, "Wamebaki wangapi?"

Meza nzima ikaniangalia. Yeye akafumba macho kidogo, kama mtu anayetazama mifugo ikiingia bomani.

"Yule mwekundu wa pembe moja hayuko," akasema. "Wengine wote niko nao."

Mwaka mzima nilikuwa na ng'ombe wake kumi na wanne kwa daftari, na sikuwahi kumuuliza Saitoti hata mmoja wao anakaa aje.