Sivai Tena Meno ya Bandia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye husaidia watu, maana shule niliachia darasa la sita lakini Kampala nimekaa, Mwanza nimekaa, na sufuria ninazounda zinapika ugali kutoka hapa Mosocho hadi Nyacheki. Mimi ni Mluo, Odoyo, na utotoni niling'olewa meno sita ya chini kama desturi yetu ilivyokuwa, lakini nilipohamia huku soko zima lilinicheka, basi nikanunua meno ya bandia, nikajiita Ogoti ili nionekane mwenyeji wa huku, na miaka thelathini nimetafuna mahindi ya kuchoma kwa uchungu huku nikitabasamu. Juzi Mchina mmoja wa kutengeneza barabara, mzee Liu, aliketi kibandani kwangu akaniambia kwao kuna falsafa inaitwa Tao, yaani Njia, akagonga sufuria akauliza, "Fundi, chakula inakaa kwa chuma ama hapo wazi?" Mshauri, nilichungulia uwazi ndani ya sufuria niliyoiunda mwenyewe! Nikaona kumbe pengo langu si upungufu, nikayavua meno, na kanisa la Sabato sijaacha. Sasa Jumapili watu wa Kebirigo, kwao kijana anayemwoa, wanaleta mahari ya binti yetu Eucabeth, anayefanya kazi Nakuru na hajui lolote kuhusu asili yangu, na mke wangu Linet amesema, "Baba Eucabeth, vaa meno uitwe Ogoti, la sivyo kaka yangu Nyangate atakaa kiti cha baba." Mimi sivai! Lakini naogopa kumharibia mtoto. Nifanye nini?

Odoyo, Mosocho

Ndugu Odoyo,

Pole. Mahindi ya kuchoma miaka thelathini! Huyo Mchina amekuambia kweli, na hayo meno usivae. Lakini punguza majigambo: umeandikia gazeti kabla ya kumwambia mtoto wako? Na Linet amekutunzia siri tangu ujana, halafu siku moja unavua meno ukitaka ashangilie? Mwombe msamaha kwanza. Leo hii mpigie Eucabeth, umwambie jina lako na kwenu ni wapi. Kesho mpigie baba wa kijana, asije akashangaa mbele ya wageni. Jumapili kiti cha baba ni chako. Nyangate agawe soda. Na kama watamkataa msichana mzima kwa sababu ya mdomo wa babake, warudi na ng'ombe wao. Eucabeth atakuwa ameponea chupuchupu.