Bia ya Maji ya Mvua

Salale, Delta ya Rufiji
9 Julai 1994

Kwa kaka yangu mpendwa, Mwalimu Haidari,

Assalaam aleikum. Naomba Mola barua hii ikukute mzima, na lile goti lako la kushoto liwe limepunguza ukaidi tangu shemeji Muzdalifa alipoanza kulikanda kwa mafuta ya habasoda. Wanafunzi wako wa madrasa hawajambo? Mimi sijambo. Miaka sitini na miwili imeniondolea meno mawili tu, na kwa msaada wa miwani bado nasoma maandishi madogo kuliko haya.

Usidhani umekosea kusoma jina la mahali hapo juu. Niko Salale kweli. Wewe hujapakanyaga kwa miaka hamsini, mimi kwa arobaini na mitano. Kila Idi tumeandikiana, wewe ukiwa Muheza na mimi Tabora, lakini hatujaandika hata mstari mmoja juu ya tembo la mnazi alilogema baba, lile la harusi ya shangazi Sihaba, lililokufanya uape kwamba hutarudi hapa mpaka ajulikane aliyelitia maji. Leo nitaliandika. Ila habari yenyewe imeanzia kwenye bia, nawe ni mwalimu wa dini. Basi vuta astaghafirullah moja ndefu sasa hivi, kisha uendelee kusoma.

Tangu nilipostaafu ukutubi nimekuwa nikifasiri maandishi ya watu. Mwaka jana nilipata kazi kwa Mbelgiji mmoja, Bwana Luka, kijana mrefu mwenye ndevu za rangi ya mahindi, aliyekuja kuchunguza mikoko. Alitaka mtu ajuaye Kiingereza, Kiswahili na Kindengereko. Nilipomwambia nimezaliwa Salale, hakuniuliza swali jingine.

Luka ni mtu wa mikoko mchana na wa pombe siku za mapumziko. Kwao babu yake alikuwa akipika bia nyumbani, nyepesi, ya kunywa wakati wa mavuno, nayo hutiwa maua ya mmea fulani uitwao hopsi, ambayo ndiyo huipa harufu na uchungu. Alikuja na kifurushi cha maua hayo, makavu, ya kijani. Tulipolala Kibiti njiani kuja huku, Mama Sabra mwenye nyumba ya wageni aliyanusa kupitia mlango uliofungwa. Akaniita uani na kuniuliza kama mtu mzima mwenye mvi hana haya kumletea bangi ya kilo mbili chumba namba tatu, tena na mzungu. Ilibidi Luka achemshe maua machache mbele yake. Mama Sabra akaonja, akakunja uso, akasema bangi isingekuwa chungu hivyo, hii lazima ni dawa ya minyoo. Tukasamehewa.

Hapa Salale alipika kwa pipa la plastiki na sufuria ya kukodi ya harusi. Kimea cha shayiri alikuja nacho, chachu pia. Sukari tulinunua dukani, tukachagua hata aina. Nikakumbuka miaka ile ya foleni za sukari, nikacheka peke yangu. Lakini juu ya maji Luka hakuwa na mzaha. Alikataa ya mto. Alisema bahari hupanda humu mara mbili kwa siku, na chumvi kidogo tu huharibu kinywaji chote. Akakinga mvua ya masika kutoka kwenye bati la shule. Aliposema neno lile la chumvi, kaka, kitu kilinichoma ubavuni. Utaelewa.

Juzi, Alhamisi asubuhi, bia ikawa tayari. Luka alisema haifai kuonjwa na yeyote ila wajuzi, kwa hiyo nikamwitia wazee saba wanaojua tembo. Mkubwa wao ni Abdulkarimu, yule aliyekuwa akigema upande wa pili wa mto. Ana miaka sabini, na bado anapanda minazi miwili mifupi, ambayo anadai ilisimama kukua kwa heshima yake.

Na mimi nilionja, Mungu anisamehe. Rangi yake ilikuwa kama nyasi za paa zilizokatwa wiki iliyopita. Povu lake jeupe lilikaa juu bila haraka. Ilinuka ganda la chungwa na majani yaliyonyeshewa. Mdomoni ilikuwa nyepesi kama haipo, kisha uchungu ukaja mwishoni, ukapiga hodi, ukasalimia, ukaondoka. Sijanywa kitu kama hicho tangu tembo la baba la alfajiri.

Luka aliuliza wanasemaje. Mzee wa kwanza alisema glasi za mzungu ni ndogo. Wa pili akasema huyu kijana mchoyo, kwao hawamlishi mgeni. Abdulkarimu akajilamba masharubu na kusema inanyweka, ila imeisha kabla hajajua ni nini. Nami, fundi wa kufasiri, nikayageuza maneno yote kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, bila kukosea hata moja. Luka akainama. Akasema polepole kwamba ameelewa, akainuka, akaanza kuliburuta pipa kwenda kulimwaga mtoni.

Wazee wakaruka kama vijana! Wakaning'ang'ania, wakauliza mzungu wako ana wazimu, anamwaga kitu kizuri namna ile? Hapo ndipo nilipokumbuka desturi yetu, ambayo miaka ya ugenini ilikuwa imenifutia. Salale mgema hasifiwi mbele ya uso wake. Tembo likiwa baya, husemi kitu. Likiwa zuri, unalalamika kwamba ni kidogo. Nikamkimbilia Luka, nikamweleza, naye akabaki ameshikilia pipa akicheka huku machozi yakimlengalenga.

Alitaka kujua sababu ya desturi hiyo. Abdulkarimu akaona amepewa jukwaa. Akasema wahenga walishaonya juu ya mgema akisifiwa, na Salale ushahidi upo: palikuwa na mgema Dadi, watu wakajisahau wakamsifu hadharani, na harusi iliyofuata tembo likaja limejaa maji. Tena mwanawe Haidari, aliyelileta kwa mtumbwi, alikuwa amekunywa nusu njiani! Wazee wakacheka, na Luka akanigeukia nimfasirie.

Sikufasiri. Niliweka glasi chini. Nilisema kwa Kindengereko, mbele ya wote saba, nami nakuambia wewe sasa, kaka yangu, kwa mkono wangu: ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekaa nyuma ya mtumbwi nikishikilia vibuyu. Wewe ulikuwa mbele unapiga kafi na kuimba, hukugeuka hata mara moja. Nilikuwa nimesikia watu wakimsifu baba, nikataka kujua wanasifu nini. Nikafungua kibuyu kimoja, kisha kingine. Vilipopungua nikavijaza maji ya mto, kwa kuwa asubuhi ile tulikuwa tumeyanywa na yalikuwa matamu. Nilisahau kwamba ilikuwa bamvua, siku za maji makuu, na bahari ilikuwa imekwisha kupanda. Wageni walipotema tembo la chumvi, baba akakupiga mbele yao. Mimi nilikuwa nimelala kwa ulevi, na mama amenifunika shuka akidhani nina homa. Nilipoamka ulikuwa umeondoka. Nikaogopa siku moja, kisha mwaka, kisha ikawa desturi.

Kisha Abdulkarimu akauliza: kumbe ile ilikuwa chumvi ya bamvua? Akacheka mpaka akashikwa kikohozi, nao wengine wakamfuata, na mimi nikacheka nalia. Walipotulia, alikwenda kwake akarudi na kotama ya baba, kile kisu chake cha kugemea chenye mpini wa mpingo. Baba hakugema tena baada yako. Kabla ya kufa alimwachia Abdulkarimu kotama hiyo, akasema alikupiga kwa sababu wageni walikuwa wanatazama, na siku utakaporudi ni yako. Ameinoa kila mwaka.

Kaka, nisamehe. Kiapo chako kimetimia, anajulikana. Njoo baada ya Maulidi. Mashua ya Salale ina injini siku hizi, goti lako halitapata tabu. Bia sikuwekei, wala usiniulize imebaki kiasi gani. Abdulkarimu atakugemea tembo tamu la alfajiri, ambalo halijachacha na hata mwalimu wa dini halimdhuru. Kibuyu nitakibeba mimi mwenyewe, na safari hii wewe ndiye utakayekaa nyuma ukinitazama.

Msalimie shemeji, watoto na wajukuu wote, kila mmoja kwa jina lake. Wazee saba wanakusalimu na kukutaka radhi. Luka naye anakusalimu, ingawa hakujui.

Ukilionja ukaliona zuri, usilisifu. Sema tu ni kidogo.

Mdogo wako,
Seleman Dadi