Kaburi la Mwenzangu Wanaliita la Shehe

Mshauri mpendwa Bi Saquina, msaada ninaouomba leo si wa mapenzi wala wa mtoto asiyesikia, kama wanavyokuandikia wengi, ni wa maiti, na usiiweke kando barua yangu kwa sababu ya neno hilo, maana nimechoka na sina mtu mwingine wa kumwambia. Mimi ni mtu wa Pemba, hii ya Msumbiji, sasa ni kibarua huku Palma kwenye kambi ya gesi, nachimba mitaro na kubeba zege, na shule niliiacha darasa la nne vita vilipokuja, kwa hiyo nitakapokosea univumilie. Kipindi chako tunakisikiliza kambini kwenye simu ya mwenzetu mmoja, wanacheka ukigombeza watu, lakini ukianza kusema wote wananyamaza.

Wakati wa vita nilikuwa mwanajeshi wa majini. Tulikuwa sita kwenye lancha moja, boti ndogo ya doria, tukienda na kurudi kati ya Pemba na mdomo wa Rovuma, watano sisi watu wa pwani, Waislamu, na mmoja Mmakonde wa Mueda, Mkristo, jina lake Eusébio, ndiye fundi wa mashine. Kuogelea hakujua na wala hakutaka kujifunza. Tukimcheka anajibu, "Mimi ni mtu wa mlimani, mmeona wapi mlima umezama? Ninyi watu wa samaki ndio mtakaonidandia mgongoni." Alikuwa na bakuli lake la bati, hampi mtu, anakula ugali humo, na tukifika bandarini ananywea nipa humo humo, ile pombe ya mabibo, halafu analisuuza kwa maji ya bahari anatuuliza kama tunataka kuazima.

Basi safari moja akashikwa na homa, homa kali ya malaria, na siku ileile mashine ikazima, na fundi ndiye huyo aliyelala chini anatetemeka, tukawa tunamuuliza na yeye anaitaja misumari na nati za kwenye ndoto, na redio yetu ilikuwa imekufa tangu zamani, mkondo ukatusukuma mpaka kwenye mdomo wa kijito karibu na kijiji ambacho jina lake nalificha. Kijiji kilikuwa kitupu, watu wote wamekimbilia visiwani, Rongui na kwingineko, hata kuku hakuna. Eusébio akafa pale. Jua kali, maiti hawezi kungoja, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuona Wakristo wanazika vipi, sisi tumekulia pwani. Mwenzetu Chamsudine, aliyekuwa amesoma chuo cha Kurani akajua mambo ya maiti, alisema, "Tumfanyie ile tunayoijua, Mungu atajua iliyobaki." Tukamwosha, tukamvika shuka zetu mbili nyeupe za jeshi, tukamlaza ubavu wa kulia uso kibla, Chamsudine akamwombea dua. Shingoni alikuwa na msalaba mdogo wa shaba, mmoja wetu akasema tuuvue, Chamsudine akakataa, akasema, "Chake aende nacho." Tukaweka mawe ya matumbawe kichwani na miguuni, na bakuli lake juu ya kaburi, kama tunavyowawekea wetu.

Vita vikaisha, kila mtu akashika njia yake. Buanali, aliyekuwa anaimba hata akiwa zamu, alikufa kwa ajali ya gari barabara ya Awasse. Carimo alikufa kwa kifua. Komandanti wetu alikufa uzeeni, nilikwenda kumzika, watoto wake hawakunijua.

Nikaja huku kwenye gesi kwa sababu Pemba kazi hakuna. Mwaka wa kwanza nikiwa kambini mke wangu akafa, nikaambiwa kwa simu, nilipofika nyumbani nikakuta kaburi limekwisha kufunikwa na wageni wanaaga. Kaka yake akaniambia, "Shemeji, maiti hangoji," nikamjibu najua. Nikarudi kazini. Jumapili hatufanyi kazi, nikawa natembea tu ufukweni bila mpango, ndipo Jumapili moja nikafika kwenye mdomo wa kijito nikaona lile jiwe refu lililopasuka katikati, ambalo tulimzika Eusébio kando yake, miguu yangu ikasimama yenyewe, nikajua ni hapa.

Bi Saquina, nilidhani nitakuta kichaka. Nikakuta pamefagiliwa, pana kibanda cha makuti, kitambaa cheupe kipya kimefungwa kwenye mti, na ubani unafuka ndani ya lile bakuli la nipa, lina kibonyeo chake kilekile ubavuni. Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka machozi yakageuka kuwa machozi kweli. Bibi mmoja akatoka nyuma ya kibanda na ufagio, jina lake Bi Laila.

"Mwanangu, unacheka kwa shehe?"

"Nisamehe mama, nimemkumbuka mtu."

"Kama amekufa msomee, usimcheke. Huyu hapa anasikia."

Nikamuuliza ni nani. Akaniambia waliporudi kutoka visiwani baada ya vita walikuta kaburi ambalo si la mtu wao, limelala sawasawa, lina mawe na bakuli, wazee wakasema mtu mwema ametoka baharini akaja kufia kwenye kijiji chao wakati wenyewe hawapo, akawalindia nyumba. Wanamwita Shehe Mgeni. Mwanamke asiyepata mtoto anaenda pale, anayesafiri anaenda, na Bi Laila anapafagia kila Alhamisi kwa sababu anasema aliomba pale mwanawe akapona.

Nilimpigia Chamsudine, alikuwa bado hai, mgonjwa huko Nacala. Alicheka mpaka akakohoa. "Eusébio amekuwa shehe! Na mimi niliyemwosha nitakuwa nani?" Kisha akaacha kucheka, akasema, "Mwambie dada yake." Dada yake ni Esperança, wakati wa vita alikuja kambi ya jeshi Pemba kumuulizia ndugu yake, akaambiwa amezikwa pwani, pwani gani hakuambiwa. Chamsudine alikutana naye baadaye sokoni Mueda anauza vitenge, mahali penyewe hakuweza kumwelekeza, akachukua namba yake, akanipa mimi. Chamsudine naye amekufa. Katika wale sita nimebaki peke yangu, na namba ya Esperança ninayo, nimeibonyeza mara nyingi nikakata kabla haijaita.

Sasa shida imeiva. Kijiji kile kinahamishwa kwa ajili ya gesi, na makaburi pia yanahamishwa. Watu wa mradi waliitisha mkutano, kila kaburi lipate mwenyewe. Walipofika kwenye la Shehe Mgeni imamu akasimama akasema, "Huyu ni wetu sote, na ndiye atakayetangulia." Watu wakaitikia kwa takbiri. Baada ya Idi watamfukua mbele ya kijiji kizima, wamhamishie kwenye makaburi mapya ya Waislamu. Na wakimfukua watakuta msalaba. Wapo vijana huko siku hizi wanaowatukana wazee kwamba ziara ni ushirikina, hao watasemaje wakiona shaba ile? Na Bi Laila atauweka wapi uso wake? Nikisema mapema watasema kibarua wa Pemba ametumwa kuwatia aibu. Nikimwambia dada yake atakuja kumchukua wakati wao wamekwisha kumwandalia shimo. Nikinyamaza labda chuma kimeoza, sijui, shaba inaoza?

Na nikisema kweli, mimi pale kwenye kaburi ndipo ninapokaa Jumapili. Nampa habari, nani amekufa, nani amezaa. Nilimweleza habari za mke wangu. Niambie nifanye nini, na ukitaka kunigombeza nigombeze, lakini nipate jibu kabla ya Idi.

Ni mimi, Mwanamaji wa Zamani, Palma.

*

Kaka yangu Mwanamaji, pole kwa mke wako. Pole kwa Chamsudine na wenzako wote. Kubaki wa mwisho ni kazi, na hakuna anayekuja kukupokea zamu.

Sasa nivumilie. Kwa mazishi yale hakuna wa kukulaumu. Mlikuwa vijana, maiti amelala kwenye jua, mkampa sanda, dua na heshima, na mtu ambaye hakuwa wa dini yenu mkamwachia msalaba wake shingoni. Chamsudine Mungu amrehemu, alikuwa na akili kuliko wengi wenye kilemba. Hilo lisikunyime usingizi.

Linalonifanya nikugombeze ni hili. Umeandika kwamba unamwogopa imamu, unawaogopa vijana, unamwonea huruma Bi Laila. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimeona sababu yenyewe umeisema mwishoni kabisa, kama mtu anayetupa takataka nyuma ya nyumba. Hutaki Eusébio aondoke. Akizikwa kwenye makaburi mapya kwa jina la Shehe Mgeni, wewe utaendelea kwenda kukaa naye Jumapili. Akienda Mueda utabaki na nani? Ndiyo maana simu unaibonyeza na kuikata. Kaka, nakuelewa, ungekuwa karibu ningekupikia chai. Lakini ana kwao, ana dada aliyekuja mpaka kambini Pemba kumuulizia, na wewe umekalia jibu lake. Wewe mwenyewe ulikuta kaburi la mke wako limefunikwa na ukaumia. Esperança hata hilo kaburi la kufunikwa hajaonyeshwa.

Kwa hiyo mpigie leo. Usimalize habari kwenye simu, mwambie tu wewe ni mwenzake wa lancha na unajua alipolala, kisha ukamwone uso kwa uso. Jumapili hii badala ya ufukweni panda chapa, ile basi ndogo ya abiria, mpaka Awasse, shuka pale, chukua ya Mueda. Mweleze yote, homa, mashine, shuka mbili, dua, na kwamba kwa miaka yote hii kuna mama wa pwani anamfagilia ndugu yake bila kulipwa. Halafu nyamaza umsikilize. Akisema anamtaka nyumbani, anamtaka nyumbani. Akisema kakangu amepata watu wanaompenda, mwacheni hapo hapo kwao, basi atakaa kwa neno la dada yake, na si kwa woga wako.

Ukirudi, usiende mkutanoni. Nenda nyumbani kwa Bi Laila, ingia kwa hodi, kaa kwenye mkeka, umwambie wewe mwenyewe. Atakasirika. Mwache akasirike, anayo haki. Akitulia, mwambie hivi: yeye alimwomba Mungu, na Mungu hakukosea njia kwa sababu ya jina la aliyelala pale. Mtoto wake alipona, na hakuna mtu atakayekuja kumdai uponyaji huo. Umwombe afuatane nawe kwa imamu. Imamu atakusikia wewe kwa sikio moja, lakini yule mama aliyefagia miaka yote hii atamsikia kwa mawili.

Kwa imamu usiombe kitu kikubwa. Omba kaburi lile lisifunguliwe mbele ya umati. Wawe wachache, Esperança awepo, shuka itandazwe juu kama tunavyofunika kaburi tunapomshusha maiti, na kitakachoonekana chini yake kisitoke nje. Imamu mwenye busara atafurahi kuondolewa fedheha ile mapema. Akikataa, mwambie Esperança aende kwa watu wa mradi na aseme kaburi lina mwenyewe, maana ndivyo walivyouliza mkutanoni. Kuhusu swali lako, kaka, shaba haiozi, inabadilika rangi tu. Usiitegemee ikufichie.

Na Jumapili zako? Wewe una wafu wengi na wote unawatembelea kwenye kaburi la mmoja. Mke wako amelala Pemba. Ukipata likizo nenda kwake, ufagie wewe kwa mkono wako. Komandanti ana watoto wasiokujua, wabishie hodi uwaambie baba yao alikuwa mtu wa namna gani baharini, hawana mwingine wa kuwaeleza.

Siku ya kumtoa Eusébio omba ruhusa kazini, wakikunyima nenda. Kama dada yake atampeleka Mueda, nenda naye. Ukifika kwenye makaburi ya kwao usisimame nyuma kama mgeni, ingia katikati ya ndugu zake, shika jeneza upande wa kichwa. Wakiuliza wewe ni nani, usiseme kibarua wa gesi. Taja jina lako kwa sauti, useme mlikuwa lancha moja.