Siku Niliyomwosha Mama Orikasa

Dada Chizuru mpendwa,

Hujambo huko Osaka? Sisi wazima. Theluji imeyeyuka, na kikohozi cha Baba kimepungua.

Dada, nina habari ya furaha! Tangu Babu aache kuchonga milango akaanza kuchonga majeneza, kazi yetu ya kuandaa maiti imeongozwa na wanaume tu. Sisi wasichana tuliambulia kunuka ubani na kukosa wachumba.

Juzi Mzee Orikasa, yuleyule aliyemkataza mwanawe kukuoa, alifiwa na mkewe. Akaja, akainama hadi sakafuni.

“Bwana Kuwabara, marehemu aliomba aoshwe na mwanamke. Nipe binti yako.”

“Yupi?” Baba akauliza. “Yule uliyemkataa?”

Mzee akaangua kilio. Baba akanigeukia: “Fumiyo, vaa. Leo unaongoza wewe.”

Nikamwosha, nikamchana, nikampaka rangi midomoni. Mzee akanong'ona, “Kama siku ya harusi yetu!”

Leo tumetundika kibao kipya: “Kuwabara na Mabinti.”

“Baba, mbona mabinti? Si niko peke yangu hapa, na Dada yuko Osaka?”

“Fundi ameshaandika,” akajibu, akaingia ndani haraka.

Wako akupendaye,
Fumiyo