Kovu Nililoambiwa

Jumatano. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na Mkuyuni yote ina baridi. Sijafundisha leo. Niliwaambia watoto naumwa.

Siumwi. Naona haya.

Jana Kobelo alirudi kutoka bomani Morogoro. Miezi miwili alikuwa kwenye mnyororo, akivunja mawe ya reli, na kabla ya hapo alichapwa viboko ishirini na vitano barazani kwa akida wa serikali, watu wakitazama. Alishtakiwa kuchoma banda la pamba la serikali.

Shahidi nilikuwa mimi.

Asubuhi ile niliona mtu akikimbia ndani ya moshi. Niliona mgongo na shuka, basi. Lakini akida aliponiita, hakuniuliza nimemwona nani. Aliuliza, "Yule mwenye kovu shavuni alikimbilia upande gani?" Nikajibu, mtoni. Kesho yake akauliza vilevile, na keshokutwa tena. Siku walipopangwa wanaume sita mbele yangu, sikusita hata kidogo. Kovu lile nilikuwa nalikumbuka vizuri. Nikamnyooshea kidole Kobelo.

Sikukusudia kusema uongo. Niliamini kabisa, na hilo ndilo linalonitesa.

Wiki iliyopita mlinzi wa banda alikiri mwenyewe. Alipitiwa na usingizi, moto aliokuwa akiota ukashika pamba, akakimbia. Usoni hana kovu lolote.

Leo nimekwenda kwa Kobelo. Nilimkuta mama yake akimkanda mgongo kwa maji ya moto. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Nikapiga magoti, nikaomba radhi.

Kobelo akaniuliza taratibu, "Mwalimu, uliniona?"

Nilipojaribu kumkumbuka yule mtu wa kwenye moshi, uso uliokuja ulikuwa wa Kobelo, na kovu lake.

"Sikukuona," nikasema. "Niliambiwa."

Mama yake akaweka kitambaa chini. Akasema maneno hayo nisiwaletee wao, niwapelekee waliosimama kutazama mwanawe akichapwa.

Ijumaa kuna baraza. Nitasimama mbele ya akida na watu wote niseme. Huenda nikafukuzwa kazi, huenda na mimi nikalazwa chini nichapwe. Naogopa. Lakini ninachoogopa zaidi ni kusimama pale niseme sikumwona, huku macho yangu bado yananibishia.